Ndege Aliyeandikwa Jike

Habari za kifo chake zilinifikia kwa simu, Jumapili, nikiwa nasonga ugali. Kundi letu la WhatsApp la watu wa nyumbani lilikuwa limefurika mishumaa na mikono ya maombi. Mmoja aliandika kwamba taifa limepoteza jicho. Mwingine, ambaye nina hakika hawezi kumtofautisha njiwa na kifaranga wa kuku, aliandika kwamba marehemu aliwajua ndege wa Ukambani kama mama anavyowajua wanawe. Nilisoma yote, nikairudia sufuria yangu. Ugali uliiva vizuri, tukala.

Najua tulivyolelewa. Mtu akishafunikwa udongo, tunayafunika na makosa yake, kisha tunasimama juu ya kaburi na kumpa sifa ambazo zingemshangaza mwenyewe. Mimi sikuwahi kuwa hodari wa kazi hiyo. Naishi Mlolongo siku hizi, ghorofa ya tatu, na dirisha la jikoni kwangu linatazama foleni ya malori yanayosubiri mizani. Mengi hubeba kokoto. Upepo ukigeuka, vumbi jeupe huingia hadi vikombeni, na ile harufu yake, harufu ya jiwe lililopasuliwa, hunirudisha mahali ambapo leo ni shimo lenye maji ya kijani. Nilipokuwa na miaka tisa, palikuwa kilima.

Kilikuwa nyuma ya shamba letu, mwendo mfupi kutoka soko la Muthetheni. Watu wa kwetu walikiita Kaima, yaani kilima kidogo, kana kwamba hata jina kamili waliona halikistahili. Hakikuwa na msitu wala pango wala hadithi. Kilikuwa na mawe, migunga na miiba, na mbuzi wetu sita walikipenda. Kila likizo, na kila siku baada ya shule, kazi yangu ilikuwa kuwapandisha na kuwateremsha. Mbuzi hawahitaji mtu anayewatazama kila dakika, kwa hiyo nilitazama vitu vingine. Hivyo ndivyo nilivyowajua wale ndege.

Walikuwa wadogo mno. Mmoja angeingia katika kikombe cha chai na nafasi ikabaki. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, mstari mweusi uliopita juu ya jicho kama mtu aliyejifunga kitambaa cha kujificha, na jicho lenyewe la manjano, kali, kama la mwalimu wa zamu. Kifuani kila mmoja alikuwa na mkanda. Wengine mkanda wao ulikuwa mweusi, wengine wa rangi ya kutu. Sauti yao ilikuwa ya kusikitisha kidogo, noti tatu zinazoshuka kama mtu anayeteremka ngazi, na mwenye mkanda mweusi akiruka alitoa mlio wa mbawa, trrp, trrp, kama karata zinazochanganywa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba wenye kutu walikuwa wachafu. Udongo wa kwetu ni mwekundu, nami kila nikilala kifudifudi juu yake nilirudi nyumbani na kifua cha rangi hiyohiyo, nikagombezwa. Nikaona mambo ni wazi: kuna ndege wanaojitunza na kuna wanaogaagaa. Niliwadharau wenye kutu. Nilisubiri mvua iwaoshe. Mvua ya Novemba ikaja, ikanyesha siku nne mfululizo, na siku ya tano nikapanda mbio kuona wamekuwaje. Walikuwa wasafi kabisa, na kutu ilikuwa palepale. Wiki hiyo hiyo nilimwona mmoja wao ameketi ndani ya kikombe kidogo kilichofumwa kwa utando wa buibui kwenye tawi la mgunga, na mwenye mkanda mweusi akaja na kiwavi mdomoni, akampa. Nilikaa juu ya jiwe langu nikiona aibu. Yule mchafu wangu alikuwa mama wa watu.

Baadaye wakatoka makinda wawili. Nilifuatana nao siku kumi na zaidi, kutoka kichaka hadi kichaka. Walikuwa na mkanda wa kutu pia, lakini kutu chafu, iliyovurugika, na madoa ya maziwa kichwani. Jicho lao halikuwa la manjano. Lilikuwa jeusi, la mtu ambaye bado hajaona ubaya wowote. Na pembeni mwa mdomo walikuwa na ngozi laini ya manjano, kama mtoto aliyekula uji na hakupanguswa. Walitikisa mabawa na kulia mzazi alipokaribia. Nilijua hayo yote na sikujua kwamba ni elimu. Nilidhani kila mtu anayajua.

Halafu, katikati ya Desemba, gari la kijani likapanda njia yetu na kusimama chini ya kilima.

Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama, alinieleza alivyoweza. Kampuni moja ilitaka kukipasua Kaima ili kupata kokoto. Mtu fulani huko juu alikuwa ameandika kwamba pale kuna ndege mdogo ambaye haonekani sana pande hizi, kwa hiyo kabla ya mashine kuja ni lazima mtaalamu atazame: ndege hao wanazaa pale, au wanapita tu? Wakiwa wanazaa, kampuni itafute kilima kingine. Wakiwa wapita njia, kazi ianze.

"Na sisi tunataka nini?" nilimuuliza.

"Watu wanataka kazi," akasema. Akatazama kisima chetu kilichokuwa miguuni pa kilima, kisima ambacho hakikuwahi kukauka hata mwaka ambao ng'ombe wa majirani walikufa. "Mimi nataka maji."

Mtaalamu mwenyewe, huyu marehemu wanayemwashia mishumaa leo, alishuka kwenye gari kama mtu anayeshuka kutoka madhabahuni. Alikuwa mwenyeji wa Ukambani lakini alitazama huku na huku kana kwamba amepotezwa njia. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja, niliihesabu. Sisi watoto tulimwita Daktari Mifuko, na sitampa jina lingine hapa. Katika siku sita alizokaa kwetu sikumwona akitoa kitu chochote cha maana katika mifuko hiyo isipokuwa simu, na wakati mmoja njugu. Mwaitu aliombwa na chifu awapikie wageni. Siku ya kwanza aliwaandalia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa vizuri na kuchanganywa na mbaazi za shambani. Daktari aliigusa kwa kijiko, akasema tumbo lake haliwezi chakula cha ushamba, akamtuma dereva sokoni akamnunulie mkate. Mwana wa Mkamba! Mwaitu alichukua sahani, akampa dereva, na dereva akaimaliza.

Alikuja na msaidizi mmoja, msichana wa chuo aitwaye Ndinda, mwembamba, mwenye haya, ambaye alifanya kazi yote. Ndinda aliamka alfajiri, akasimika miti na kufunga nyavu za uzi mwembamba usioonekana. Ndinda aliwatoa ndege nyavuni, mmoja mmoja, akawatia katika vifuko vya kitambaa na kuvitundika kwenye tawi. Daktari alifika jua likiwa limepanda, akaketi kwenye kiti cha kukunja, akaletewa vifuko kama mfalme anayeletewa kodi. Kazi yake ilikuwa kumtoa ndege, kusema ni dume au jike, mzima au kinda, kumvisha pete ndogo mguuni kwa koleo, na kumwachilia. Ndinda aliandika.

Ile pete ndiyo iliyonisumbua. Hakuna aliyenieleza maana yake. Pete nilikuwa nimeziona mahali pamoja tu, kanisani, katika harusi ya binamu yangu. Basi niliona wazi kwamba Daktari amekuja kuwaozesha ndege wa Kaima. Jambo hilo lilinifurahisha. Wale wazazi wawili walikuwa wakiishi pamoja muda wote huo bila baraka, na sasa mambo yatanyooshwa. Alipomvisha yule mwenye mkanda mweusi pete mguu wa kulia, nilitabasamu. Alipomvisha mwenye kutu, jicho la manjano likimwaka kwa hasira, karibu nipige vigelegele.

Kisha akatoa wa tatu. Nilimtambua mara moja. Alikuwa mmoja wa makinda yangu, yule mkubwa.

"Jike," akasema Daktari. "Mzima."

Akachukua pete.

Nilikuwa nimeambiwa nisikaribie. Nilikaribia. "Daktari, usimvishe! Huyo ni mtoto!"

"Huyu ameitwa na nani?"

"Huyo bado mtoto. Hawezi kuolewa."

Wanaume waliokuwapo, chifu na dereva na wazee wawili waliokuja kutazama, walicheka hadi mmoja akashika mti. Daktari naye alicheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi, la mtu aliyekatizwa.

"Sikiza, kasichana," akasema. "Hii ndege iko na kifua ya kutu. Kifua ya kutu ni mama. Iko kwa kitabu."

"Angalia macho," nikasema. "Ile mama iko na macho ya manjano. Hii iko na macho nyeusi. Na hapa kwa mdomo bado iko na ile kitu ya kitoto."

Hakutazama. Nataka jambo hilo lieleweke, maana ndilo ninalolidharau kuliko yote. Ndege alikuwa mkononi mwake. Alikuwa karibu naye kuliko alivyowahi kuwa karibu nami; jicho lile jeusi lilikuwa shubiri moja kutoka pua yake, na ngozi ya manjano pembeni mwa mdomo ingeonekana na bibi kipofu. Alichotakiwa kufanya ni kuinamisha shingo. Simu yake ikalia, akaibana kati ya sikio na bega, akaanza kuzungumza na mtu kuhusu matairi, na huku anazungumza akamvisha kinda pete mguu wa kushoto, akafungua mkono. Ndege akaenda. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba wameona ufundi.

Lakini Ndinda alikuwa ameinua macho. Niliona alivyomtazama yule ndege kabla hajaruka, na niliona penseli yake ilivyosimama juu ya karatasi. Ilisimama muda mrefu kidogo. Kisha ikaandika.

Jioni alinikuta kisimani. Alinisaidia kujaza mtungi, akasema bila kunitazama, "Uko sawa, Mwende. Ilikuwa kinda."

"Sasa mbona umeandika jike?"

"Yeye ndiye anasaini karatasi zangu za chuo." Akafunga kamba ya ndoo, akaifungua tena. "Ukikuwa mkubwa utaelewa."

Nimekuwa mkubwa. Naelewa. Namdharau hata hivyo, ingawa chini kidogo ya wengine, kwa sababu yeye angalau aliona. Ndiye pia aliyenieleza kwamba pete si ya ndoa, ni namba tu, kama kitambulisho, ili mtu akimwona ndege siku nyingine ajue ni yuleyule. Niliona haya hadi masikioni. Kumbe ndiyo maana walicheka. Lakini nilipolala nililifikiria tena: kuhusu pete nilikosea, kuhusu ndege sikukosea, na wao walicheka yote mawili pamoja.

Basi nikasema. Nilisema kwa watoto wenzangu, nikasema kwa wanawake waliosubiri kusagiwa mahindi, nikasema kwa katekista. Kaima kuna makinda, nimewaona wakilishwa. Maneno yalitembea. Wanawake wawili ambao visima vyao vilikuwa jirani na chetu walianza kuuliza maswali, na mmoja wao alimuuliza chifu mbele ya duka. Siku ya tano Daktari Mifuko akaniita.

Alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliniuliza jina langu, akaniuliza nasoma darasa la ngapi, akanikalisha kwenye kiti chake cha kukunja. Kisha akaivua darubini iliyokuwa shingoni mwake, si ile mpya, ile ya akiba, nzito, yenye mkanda wa ngozi, akanivisha.

"Kuanzia leo wewe ni msaidizi wangu," akasema. "Si Ndinda. Wewe."

Nilitia macho kwenye vile vioo na mgunga wa mbali ukaruka ukasimama mbele yangu. Niliona sisimizi. Niliona jani lenye tundu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu ambacho hakikuwa cha lazima, na hakuna mwanamume wa gari aliyewahi kuniuliza jina langu. Ule mkanda ulinuka ngozi na jasho na mafuta mazuri ya kunyoa. Nilitembea nao shingoni kijijini mchana kutwa.

"Na msaidizi hamwaibishi mkubwa wake mbele ya watu," aliniambia nilipokuwa naondoka, kwa upole, kama mtu anayenikumbusha nifunge mlango.

Baraza lilifanyika siku iliyofuata katika uwanja wa shule. Watu walijaa. Vijana waliotaka kazi walisimama mbele. Wazee walikalia madawati yaliyotolewa madarasani. Daktari alizungumza kwa muda mrefu, akitumia maneno ambayo nusu ya watu hawakuyaelewa na ndiyo sababu waliyapigia makofi. Alisema amewapima ndege, amekuta dume mmoja na majike watatu, wote wazima, hakuna dalili ya kuzaa. Hao ni wapita njia, akasema, wakifuata wadudu wa mvua, nao wataenda zao. Baadaye Ndinda aliniambia kwamba majike watatu walikuwa mama mmoja na watoto wake wawili.

"Lakini nimesikia kuna uvumi," akaendelea, akitabasamu. "Nimesikia kuna mtu ameona makinda. Na mimi siogopi ukweli. Msaidizi wangu, kuja hapa."

Nilikwenda mbele na darubini shingoni. Aliniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono mwepesi.

"Waambie. Uliona nini?"

Nimesikia watu wazima wakijitetea kwamba walikuwa watoto tu, hawakujua. Mimi nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Mbele yangu niliwaona wale vijana, na chifu, na Ndinda aliyekuwa akikikagua kiatu chake, na nyuma kabisa Mwaitu, amesimama peke yake na leso yake ya kwenda kanisani. Hakuna aliyenitishia. Hakuna aliyeniahidi kitu zaidi ya nilichokuwa nacho tayari. Nilitaka tu ule mkono ubaki begani.

"Nilikosea," nikasema. "Zilikuwa mama."

Wakapiga makofi. Mtu akasema, kasichana kana akili. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Katika watu wote niliowadharau kwa habari ya Kaima, na ni wengi, hakuna ambaye uso wake unanichefua kama uso ule wa mtoto wa miaka tisa unaotabasamu chini ya mkono wa mjinga.

Tulirudi nyumbani. Mwaitu hakunipiga. Siku tatu alinihudumia chakula kama anavyohudumiwa mgeni, vizuri na bila maneno. Siku ya nne, nikiwa nimeketi mlangoni natazama barabara kwa darubini, alipita na karai la nguo, akasimama.

"Hiyo kitu iko shingoni," akasema, "inakuonyesha nini?"

Nikaishusha. Akaenda zake kuanika nguo.

Baba alikuja Krismasi kutoka Mombasa, akakaa wiki moja, akasema kokoto ni maendeleo, akarudi. Shule ikafunguliwa. Karatasi zikaenda zinakokwenda na kurudi zimepigwa mihuri. Mwezi wa Machi, mvua zilipokuwa zinakaribia, mashine ya kwanza ya manjano iliegeshwa chini ya kilima, na mwanamume mwenye kofia ngumu akatuambia mbuzi wasipandishwe tena kuanzia Jumatatu.

Jumamosi nikawapandisha kwa mara ya mwisho. Sikuwa natafuta kitu. Nilisikia trrp, trrp, mbawa za karata, na nikageuza darubini kwenye mgunga wa karibu. Alikuwa pale, amesimama wima, pete mguu wa kushoto. Nilimwona kama ninavyokiona kikombe hiki. Kifua chake kilikuwa cheusi. Haukuwa weusi kamili. Manyoya mawili matatu ya kutu yalikuwa yamesalia ukingoni mwa mkanda, kama mabaka ya sare ya zamani. Jicho lilikuwa limeanza kuwa la manjano. Jike mzima wa Daktari alikuwa dume, na alikuwa bado hajamaliza hata kukua.

Nilikaa pale hadi mbuzi wakashuka wenyewe. Hawakuwa wamekwenda popote. Wadudu wa mvua walikwisha, kiangazi kikaja kikapita, na yule kinda aliishi kwenye mawe aliyozaliwa, akibadilisha manyoya yake mbele ya yeyote mwenye nafasi ya kutazama, na hakuna aliyetazama. Hata mimi. Tangu baraza sikuwa nimewatazama hata mara moja. Nilikuwa natazama barabara.

Kilima kililipuliwa wiki mbili baadaye, kwanza upande wa mashariki. Ukuta wetu wa jikoni ulipata ufa, kisima kikawa na tope, kisha kikawa na nyufa, kisha kikawa shimo. Wale vijana wa mbele walipata kazi ya kupasua mawe kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, mpaka kampuni ilipoleta mashine ya kupasua. Sikumwona tena ndege yeyote wa mkanda. Nimeulizwa na watu wema kama huenda walihamia mahali pengine. Huenda. Watu wema hupenda sana neno hilo.

Lakini siku ile ya Jumamosi mashine ilikuwa bado haijawashwa. Nilishuka, nikamkuta Mwaitu akifua, nikamweleza yote bila kupumua: pete, mkanda mweusi, jicho. Alisikiliza. Alipangusa mikono kwa khanga, akavaa viatu, akanishika kifundo cha mkono na kunipeleka kwa chifu.

Chifu alikuwa ofisini kwake, chumba kimoja cha mabati, akinywa chai na mkate. Mwaitu hakuketi.

"Chifu, huyu mtoto alisema uongo kwa baraza."

"Mama Mwende," chifu akacheka, "watoto wote wanasema uongo."

"Huyu wangu nataka autoe pale aliuweka."

Chifu aliona ni mchezo. Akachukua simu, akampigia Daktari, akaiweka mezani sauti ikiwa juu ili sote tusikie.

"Daktari! Niko hapa na ule msaidizi wako wa ndege."

"Msaidizi gani?"

"Ule msichana mdogo. Wa darubini. Hapa kwa kilima."

"Sikumbuki. Kuna shida na ripoti?"

"Hakuna shida, Daktari. Anasema tu ati moja ya zile mama imegeuka ikawa baba."

Sauti ya Daktari ilicheka kule ilikokuwa, na chifu akacheka huku. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita. Mimi nilikuwa nimemuuzia macho yangu, na yeye hakukumbuka hata kama alinunua.

"Umesikia," chifu akamwambia Mwaitu. "Ripoti iko sawa. Na hata isipokuwa sawa, mashine imefika. Kilima imeenda, mama."

"Sikuja kuomba kilima," akasema Mwaitu. "Nimeleta mtoto amalize kusema."

Akanisogeza mbele hadi tumbo langu likagusa meza.

"Daktari," nikaiambia simu, na sauti yangu ilikuwa nyembamba hata mimi sikuipenda, "ile ndege ya tatu, uliivisha pete mguu wa kushoto. Ile si jike."

"Chifu, niko kwa mkutano," ikasema simu, kisha ikawa tu, tu, tu.

Nilimgeukia Mwaitu nikidhani tumemaliza.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nilisema ni dume. Nilisema siku ile alikuwa bado kinda, kwa sababu jicho lake lilikuwa jeusi na mdomo wake ulikuwa na manjano pembeni, na madoa kichwani. Nilisema mama yake ni yule wa kutu na baba yake ni yule wa mkanda mweusi, na niliwaona wakimlisha viwavi kwenye mgunga wa tatu kutoka jiwe kubwa, na ana ndugu mmoja, na wote walizaliwa Kaima. Nilisema siku ya baraza nilijua hayo yote na nikasema uongo. Chifu alikuwa amerudia mkate wake. Alikata kipande, akakichovya kwenye chai, akakila akitazama dirishani. Nilisema hadi nikafika mwisho.

Mwaitu akamshukuru chifu kwa muda wake, akafungua mlango, tukatoka.